Wiki 12 karakanani Industrial Area: daftari lililonifunza kuliko mashine (uzi mrefu)

mwana_stima:

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimekaa na jambo hili moyoni tangu Agosti, na sasa naona wenzangu wa mwaka wa tatu wameanza kuulizana wapeleke barua wapi. Nikinyamaza nitakuwa nimewanyima. Uzi ni mrefu, mwenye chai aimimine kabisa.

Nasomea uhandisi wa umeme. Shahada hii hapa Kenya ni miaka 5, na katikati yake lazima utoke darasani ukakae na mitambo. Atachimenti yangu, yaani mafunzo ya kazini, ilikuwa ya wiki 12, kuanzia Mei, katika kiwanda cha mitungi na ndoo za plastiki pale Industrial Area. Kiwanda sikitaji, chuo sikitaji. Sitaki mtu aitwe ofisini kwa sababu yangu.

Kutafuta nafasi kulinimalizia miezi mitatu. Ijumaa sikuwa na vipindi vya mchana, basi nashuka Muthurwa na bahasha zangu za kaki, ndani mna barua ya chuo, wasifu na nakala ya bima, natembea. Wiki hii Enterprise Road, wiki ijayo Lunga Lunga Road, nyingine Likoni Road na vichochoro vyake. Kila geti ni yale yale: soja anafungua kidirisha, anapokea bahasha, anasema watanipigia. Kwenye geti moja nilichungulia ndani nikaona katoni imejaa bahasha za kaki mpaka zinamwagika, na juu yake mtu ametua flaski ya chai. Siku hiyo nilirudi Donholm kwa miguu, na nauli nilikuwa nayo mfukoni.

Kuna mwanamume pia aliyenipigia akasema nafasi ipo, ila nitume 6,000 za kufungua faili. Sikutuma. Nawaomba, hasa nyinyi ambao wazazi wenu wanauza mboga ili msome, mtu akiitisha pesa za nafasi, kata simu.

Yangu niliipata kibandani. Saa saba mchana mafundi hutoka na ovaroli zao kwenda kula. Niliketi kwenye fomu na wanaume watatu wenye grisi hadi viwikoni, nikaagiza chapati na maharagwe, nikawauliza wanatumia mashine gani. Tukazungumza nusu saa nzima juu ya mota na namna zinavyoungua. Nilipoinuka kuondoka, mkubwa wao akaninyooshea mkono: "Kijana, hebu hiyo barua. Hii naipeleka mwenyewe." Baada ya siku kumi nikapigiwa.

Mzee huyo ndiye sababu ya uzi huu. Alisomea Kenya Polytechnic ile ya zamani, kabla haijawa Technical University of Kenya, akafanya mitihani ya serikali ya mafundi mpaka gredi ya kwanza, na miaka zaidi ya 30 sasa anatunza mashine za plastiki. Sote pale tulimwita Mzee, hata meneja.

Wiki mbili za kwanza nilifagia karakana, nikabeba sanduku la vyombo, nikapanga spana kwa saizi. Sina malalamiko. Ukipanga spana kila jioni, usiku wa dharura mkono unajua namba 17 iko wapi hata stima zikiwa zimepotea.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, nilifanya kosa ambalo lingeweza kuniua.

Asubuhi tulikuwa tumepima mkondo mdogo kwenye saketi ya kudhibiti, na ili kufanya hivyo nilikuwa nimehamisha waya mwekundu wa mita, kile kifaa cha mkononi cha kupimia umeme, kwenye tundu la ampea, la kupimia mkondo. Mchana Mzee akanituma nipime volti kati ya fazi mbili, yaani nyaya mbili kati ya zile tatu zinazoleta umeme, kwenye paneli ya kompresa. Nikazungusha kitufe mpaka kwenye volti. Waya nikausahau palepale kwenye tundu la ampea. Kwa ambao hawakusomea umeme: mita ikiunganishwa hivyo ni sawa na kipande cha waya mtupu. Ukiigusisha kati ya fazi mbili zenye volti 415, wewe mwenyewe ndiye umezikutanisha. Ulitoka mlio kama wa fataki na mwako wa buluu, ncha ya waya ikayeyuka ikawa kitone cheusi. Fyuzi iliyomo ndani ya mita ilikatika, na hiyo fyuzi ndiyo iliyonirudisha kwa mama yangu. Mita za bei rahisi zinazouzwa mjini, nyingi upande huo hazina fyuzi.

Mzee hakupaza sauti. Alinishika mikono, akaigeuza viganja juu, akaitazama kidole kwa kidole. Kisha akasema, "Nenda ukanywe maji." Wiki nzima hakuniruhusu kusogelea paneli yoyote.

Ijumaa akachukua logibuku yangu, lile daftari la kazi za kila siku za atachimenti, ili atie sahihi ya wiki. Huisoma yote, hasaini tu. Akafika Jumatano, akasimama hapo. Mimi nilikuwa nimeandika: "Nilijifunza matumizi ya mita katika kupima volti." Akaniuliza, "Jumatano iko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akatikisa kichwa. "Hii si Jumatano niliyoiona mimi." Akanirudishia daftari bila sahihi. "Mwaka ujao atakuja mwingine. Akifanya ulivyofanya na mita haina fyuzi, atakufa kwa sababu wewe ulitaka daftari lako lipendeze."

Niliandika upya pale pale, kwenye benchi, mkono unatetemeka. Waya ulikuwa tundu gani, kitufe kilikuwa wapi, nilisimama wapi, nilivaa nini. Ukurasa mzima. Akausoma, akatia sahihi, akaongeza chini kwa kalamu yake: "Kagua nyaya za mita kwanza, ndipo uguse."

Tangu siku hiyo niliacha kuandika "nilijifunza". Nikawa naandika kilichotokea, saa ngapi, mita ilisema nini, tulidhani nini, na kama tulikosea kudhani, naandika hivyo. Ukitazama logibuku zetu nyingi utadhani wanafunzi wote wa Nairobi walikwenda kiwanda kimoja na hakikuharibika kitu hata siku moja. Nami nilikuwa katika hao.

Sasa niwaambie ya pampu, maana hapo ndipo niliona faida yake kwa macho.

Kuna pampu inayozungusha maji ya kupoza kalibu za mitungi. Mota yake ni ya kilowati 15, kibati chake kimeandikwa ampea 28. Ikisimama, maji hayazunguki, mitungi inatoka imejikunja kama karatasi iliyolowa, na laini nzima inazimwa. Pampu hiyo ilikuwa inajizima yenyewe. Leo mara moja, kesho haizimi, keshokutwa mara mbili. Ovalodi, ile swichi inayoikata mota ikivuta mkondo kupita kiasi, inaruka, fundi wa zamu anaibonyeza irudi, kazi inaendelea. Walikuwa wamebadilisha beringi, wakabadilisha na ovalodi yenyewe. Meneja alikuwa amekubali mota ing'olewe ipelekwe kusukwa upya, gharama si ndogo.

Kila ilipojizima mimi naandika. Saa, siku, ampea za fazi zote tatu kwa ile mita unayoibana kwenye waya, na volti. Kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuandika hata yasiyonihusu, niliandika pia mashine zipi zilikuwa zinafanya kazi. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilikuwa nina nafasi tu kwenye ukurasa.

Wiki ya nane, baridi ya Julai, stima zilipotea mtaa mzima karibu saa nzima. Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nikawa nafungua kurasa nyuma. Asubuhi nyingi: ampea 26, 27, 26. Sawa kabisa. Siku za kujizima, dakika chache kabla: 27, 32, 25. Nikarudi kwenye volti. Asubuhi zilikuwa karibu sawa zote tatu. Siku mbaya, nikizitaja fazi kwa rangi za nyaya zake: nyekundu na manjano 411, manjano na buluu 399, buluu na nyekundu 402. Nikatazama mashine. Kila siku mbaya, bila kukosa hata moja, mashine nambari 4 ilikuwa imewashwa saa moja au mbili kabla.

Nambari 4 ililetwa mwaka uliopita. Hita zake ni za fazi moja moja, na aliyeziunga alizirundika karibu zote upande wa buluu. Zikiwaka, fazi hiyo inalemewa, volti yake inashuka. Kushuka kwenyewe ni kidogo: wastani wa zile volti tatu ni 404, iliyokengeuka zaidi imekengeuka kwa 7, hata asilimia 2 haifiki. Lakini mota ya fazi tatu hukuza kasoro hiyo. Mkondo hukengeuka kama mara 6 hadi 10 ya volti. Ukipiga hesabu kwa zile ampea zangu, wastani ni 28, iliyozidi ni 32, ni asilimia 14 hivi. Mara 8. Haya nilikuwa nimeyasoma darasani nikayajibu kwenye mtihani nikapata alama, na nilikuwa nimepita mbele ya pampu ile wiki saba.

Nilimpelekea Mzee daftari. Alivaa miwani. Alikaa na zile kurasa mpaka stima zikarudi, watu wakaanza kukimbia huku na huku kuwasha mashine, yeye bado amekaa. Kisha akainuka, akachukua kufuli nyekundu, akazima swichi kuu ya nambari 4, akaifunga, ufunguo akautia mfukoni mwangu. Si mwake, mwangu. Aliyefanya kazi kwenye mitambo anajua maana yake: mwenye ufunguo ndiye mwenye mikono ndani ya mashine. Tukagawa zile hita upya kwenye fazi zote tatu, ikatuchukua mchana wote. Mota haikung'olewa. Mpaka namaliza Agosti, pampu haikujizima tena.

Linaloniuma ni hili. Mhadhiri wa chuo alikuja kunikagua wiki ya kumi. Alikaa dakika 20. Alihesabu sahihi, akatazama kama kila wiki ina muhuri, akafika ule ukurasa wa mita, akaniuliza kwa nini nimechafua daftari kwa mambo ya namna hiyo. Ya pampu hakuyasoma. Alama zangu si mbaya, hilo silalamikii. Ila nafikiria waliokaguliwa baada yangu, wakaambiwa maneno hayo hayo, wakarudi kuandika "nilijifunza".

Andikeni makosa yenu. Niulizeni lolote.

---

fundi_baridi:

Kaka, hongera. Mimi ni fundi wa friji na vyumba vya baridi, sijaenda chuo kikuu, na huyo mzee wako namjua ingawa sijawahi kumwona. Kila karakana ina mmoja kama yeye, akistaafu ndipo watu wanajua alikuwa nani.

Swali. Kwa nini hawakuipandisha tu ovalodi kidogo, iwe 33 hivi, kazi iendelee? Huku kwetu ndivyo wengi wanavyofanya.

---

mwana_stima:

Ahsante, kaka. Kuna fundi wa zamu ya usiku aliyetaka kufanya hivyohivyo na Mzee akakataa katakata. Ovalodi haikuwa mgonjwa. Ilikuwa inasema kweli. Ukiipandisha, mota inaendelea kuchemka na hakuna wa kukuambia. Kuna kanuni ya kukadiria ambayo mafundi na wahandisi wengi huishika: kila nyuzi 10 za joto zinazozidi kiwango cha koili, maisha ya insulesheni yake, ule utando unaofunika waya, hupungua kwa nusu. Kwa hiyo ungepata amani miezi michache, kisha siku moja moshi.

---

fundi_baridi:

Nimepata. Kuna kompresa mbili Jumatatu zinaniita.

---

meneja_mitambo:

Nimesoma mpaka mwisho. Niko upande wa pili wa geti, nasimamia matengenezo kwenye kiwanda kimoja hapa mjini, kwa hiyo mnivumilie.

Ile katoni ya bahasha mnaiona ni dharau. Kwetu huwa zinafika kwa mamia kabla ya Mei na nina mafundi sita. Kila mwanafunzi ninayemchukua lazima awe na mtu wa kumwangalia, na siku anayomwangalia yeye hamalizi kazi yake. Halafu usalama. Huyu kijana amesema wazi alivyoponea. Fikirini mimi nimwandikie mzazi barua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtazama mwenye kiwanda, na hata isingekuwapo, usingizi nautoa wapi?

Wenzangu waajiri nao niwaambie. Tunailipa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 za mwezi kwa kila mfanyakazi, ni tozo ya mafunzo hiyo. Wengi hulipa wakaisahau kama kodi nyingine tu, wala hawatumi mtu pale Commercial Street kuuliza inaweza kuwarudia kwa njia gani. Pesa ya mafunzo umeshaitoa, kisha mwanafunzi akija getini unamwona mzigo.

Ila sikubaliani na la kibandani. Ukikaa na mafundi wangu wakakuletea barua kwa mlango wa nyuma, yule aliyeiacha getini kwa utaratibu amekosa nini?

---

mwana_stima:

Shikamoo, mheshimiwa. Umenigusa penyewe. Yule wa katoni hajakosa kitu, na mimi nilikuwa wa katoni miezi mitatu. Sikwenda kibandani kutafuta mlango wa nyuma, nilikuwa na njaa na nilikuwa nimechoka kuongea na kidirisha. Lakini ni kweli aliyefuata utaratibu ameumia. Mngefanya nini basi, nyinyi mlio ndani, ili bahasha zisomwe?

---

meneja_mitambo:

Marahaba. Kwangu mimi nitasema ukweli: nasoma ukurasa wa kwanza peke yake. Barua 9 kati ya 10 zinaanza "natumaini barua hii inakufikia ukiwa na afya njema" na kuishia "niko tayari kujifunza chochote". Chochote ni nini? Mwaka juzi binti mmoja aliandika mistari minne: kwamba amesikia tunatumia boila, kwamba ametengeneza kidhibiti kidogo cha joto kama mradi wa darasa, kwamba angependa kuona tunavyotibu maji ya boila, na tarehe anazoweza. Nilimpigia siku hiyohiyo. Andikeni hivyo, muiache getini, na mtakuwa mmewapita wa kibandani.

Daftari lako ningependa kuliona, kijana. Si kwa ubaya. Nataka vijana wangu waone ukurasa wa mita.

---

binti_mjengo:

Nimeusoma uzi huu mara mbili na mara ya pili nimelia kidogo, nitaeleza kwa nini.

Nasomea uhandisi wa ujenzi. Atachimenti yangu ilikuwa kwenye jengo la ghorofa hapa Nairobi. Nilikuwa msichana peke yangu kati ya wanaume karibu 70. Choo kilikuwa kimoja, hakina komeo, kwa hiyo nilijifunza kutokunywa maji tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni. Mwezi wa pili niliugua njia ya mkojo. Wakuu wa vyuo wanaosoma hapa, mnapomuuliza mwajiri kama ana helmeti za wanafunzi, muulizeni na hilo pia.

Lakini si hilo lililoniliza. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye zege. Likija, tunapima ulaini wake kwa ile koni ya milimita 300: unaijaza, unaishindilia kwa nondo, unaiinua taratibu, unapima zege limeshuka kiasi gani. Kisha tunajaza kalibu za mchemraba wa milimita 150, zinatunzwa majini, zinavunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28. Mchana mmoja wa jua kali zege likaanza kukauka kabla halijapanda juu. Vibarua wakachukua mpira wa maji wakaliongeza maji. Tulikuwa tumeshapima na tumeshajaza zile michemraba. Yaani michemraba ni ya zege moja, na lililomwagwa juu ni jingine. Mkiongeza maji zege linalainika kumwaga, na nguvu yake inashuka. Hilo linajulikana hata mwaka wa pili.

Niliandika kwenye logibuku, saa na sehemu ya slabu, yaani ile sakafu ya zege. Jioni msimamizi wa saiti akaisoma. Hakunitisha. Aliniambia kwa upole kabisa, kama baba, "Binti yangu, hii karatasi ikionekana, wewe ndiye hutapata sahihi, na mimi ndiye nitakosa kazi." Akanipa wembe. Niliukata ukurasa.

Michemraba ilifaulu siku ya 28. Bila shaka ingefaulu. Slabu ile ina watu juu yake sasa.

---

mwana_stima:

Dada, pole. Pole sana. Nimeanza kukujibu mara tatu nikafuta.

Mimi nilikuwa na mzee aliyekataa kusaini uongo. Wewe ulipewa wembe na mtu aliyeshika sahihi yako. Hatukuwa mahali pamoja, na sitakwambia ungepaswa kufanya nini. Bado unakumbuka sehemu ya slabu?

---

binti_mjengo:

Naikumbuka kwa namba za nguzo. Na saa.

---

meneja_mitambo:

Binti yangu, mimi si wa ujenzi lakini nimefanya kazi na wahandisi wa miundo. Zege likishaganda bado linapimwa. Wanatoboa kipande cha duara kutoka slabu yenyewe wanakivunja maabara, na kuna kifaa cha nyundo kinachopigwa juu ya uso wake kutoa makadirio bila kuharibu. Pengine nguvu ilipungua kidogo tu na hesabu ya mhandisi ilikuwa na nafasi ya kutosha. Pengine sivyo. Kinachojulikana ni kwamba kuna njia ya kujua.

Jengo lile lina mhandisi wa miundo aliyelisaini, naye kwa mujibu wa Sheria ya Wahandisi ya 2011 ni mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Ili afike hapo, baada ya shahada amekaa kazini si chini ya miaka 3 chini ya wengine. Jina lake liko kwenye michoro. Mwandikie yeye, si kontrakta. Mwambie nguzo zipi na saa ngapi, bila kumlaumu mtu. Kama ningekuwa mimi, ningetaka kujua leo kuliko kuambiwa siku nyingine na watu wa magazeti.

Ukitaka mtu wa kuisoma barua kabla hujaituma, mimi nipo.

---

binti_mjengo:

Michoro nina picha zake kwenye simu. Nimeona jina. Nitaandika usiku huu, nikutumie kesho, baba. Ahsanteni.

---

mama_kayole:

Habari zenu wanangu. Mimi si msomi wa haya, kijana wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu nikausoma wote. Yeye yuko mwaka wa tatu, umeme kama wewe mwenye uzi. Amepata mahali, ataanza Mei. Ametuletea orodha: ovaroli, helmeti, buti za chuma mbele. Ovaroli nitashona, cherehani ninayo. Helmeti wamesema watampa. Buti nimeuliza dukani nikashtuka. Gikomba kuna za mtumba, je, zinafaa? Na hiyo mita ya fyuzi, ni lazima anunue yake? Baada ya hiyo stori ya fataki sijalala vizuri.

---

mwana_stima:

Shikamoo, mama. Usinunue mita. Atatumia ya karakana, na siku ya kwanza amwombe fundi amfungulie mgongo wake wamwonyeshe fyuzi iko wapi. Akiuliza hivyo tu, watamheshimu. Ovaroli ukishona, kitambaa kiwe pamba tupu, usichanganye na nailoni, maana nailoni ikipatwa na moto inagandia ngozi. Na mikono isiwe mipana, mota inayozunguka hushika nguo.

Buti za Gikomba zipo nzuri, ila abonyeze mbele kwa kidole gumba asikie chuma, na akunje soli aone kama imepasuka. Kwa mtu wa umeme soli ikipasuka haina kazi tena.

Au usinunue. Zangu ni namba 8, nilizivaa zile wiki 12 tu, soli ni nzima. Kijana wako anavaa namba ngapi? Jumamosi nitapita Kayole kwa shangazi yangu, naweza kuziacha hapo steji.

---

mama_kayole:

Marahaba mwanangu. Anavaa 8. Hata zingekuwa 9, angevaa soksi nzito mbili.